SOMO LETU: Nguo na Ngoma Zasema Sisi ni Nani

Ukialikwa harusi ya Wasomali hapa Garissa, tazama nguo kwanza. Katika buraanbur, ngoma ya wanawake, mmoja huimba mashairi na wenzake hupiga makofi. Mchezaji huingia katikati amevaa dera jepesi, mkononi ana mtandio uitwao garbasaar. Mtandio huo si pambo tu, kwa maana anautandaza na kuupeperusha. Mnyang'anye, basi umemnyang'anya nusu ya ngoma.

Dhaanto nayo huchezwa na wanaume na wanawake pamoja. Wazee husema hatua zake zafuata mwendo wa ngamia. Wanaume hufunga macawis, yaani kikoi. Wanawake hufunga guntiino, kitambaa kirefu kinachofungwa begani na kuzungushwa kiunoni. Zamani ilikuwa nguo ya kila siku, ya kuchota maji na kukama mbuzi. Siku hizi wengi wanavaa hijabu, na guntiino tunaiona zaidi ngomani. Ngoma imetunza nguo iliyoachwa nyumbani.

Hapo ndipo ugomvi huanza. Binti anataka guntiino kwa ngoma ya shule. Mama anakataa: bega wazi ni aibu. Nyanya anashangaa, maana yeye alikua akiivaa. Wote watatu wanatetea heshima! Wengine wamepatana hivi: blauzi ya mikono mirefu ndani, kitambaa kichwani, guntiino juu.

Maswali ya kikundi:
1. Ngoma ya kwenu haichezeki bila nguo gani?
2. Nani huamua binti avae nini? Je, yeye huulizwa?