SOMO LA MWEZI: PICHA ZA WALIOHAMISHWA

Someni kwanza 1 Wafalme 21, habari za Nabothi na shamba lake.

Ndugu wasomaji, Sophiatown ni kitongoji cha Johannesburg, Afrika Kusini. Hapo Waafrika waliweza kununua viwanja, haki iliyokuwa adimu katika miji ya nchi ile. Serikali ya ubaguzi ilisema inaondoa vibanda vichafu ili iwape watu makao bora. Tarehe 9 Februari 1955 walikuja askari wapatao 2,000. Familia zilipakiwa katika malori pamoja na vyombo vyao, zikapelekwa Meadowlands, ambako hawakuwa tena na ardhi yao. Mahali pao palijengwa nyumba za Wazungu, pakaitwa Triomf, yaani Ushindi. Jina la Sophiatown lilirudishwa mwaka 2006.

Padre Trevor Huddleston, aliyehudumu katika Kanisa la Kristo Mfalme hapo, aliupinga uhamisho huo. Ndiye aliyekuwa Askofu wetu wa Masasi tangu 1960 hadi 1968. Naye Jürgen Schadeberg, mpiga picha wa gazeti la Drum, alipiga picha za watu na za kuta zilizoandikwa kwamba hawahami.

Twajifunza nini?

Kwanza, picha ni shahidi. Nyumba ikiisha kubomolewa, mwenye nguvu husema palikuwa na uchafu tu. Picha humjibu kwamba palikuwa na watu na maisha yao.

Pili, picha bila jina ni nusu ya ushahidi. Shamba la Nabothi lilichukuliwa, lakini jina lake liliandikwa, nasi twalijua hata leo.

Tatu, mwenye msiba aombwe ruhusa kwanza. Akikataa, tumwache. Tusimwondolee heshima aliyobaki nayo.

Basi, mtaa wenu ukitiwa alama za kubomolewa, msingoje tingatinga. Pigeni picha familia mbele ya mlango wake. Nyuma ya picha andikeni kwa kalamu ya risasi majina, mtaa, tarehe, na mwaka walioingia katika nyumba ile. Nakala moja wapewe wenyewe, ya pili iwekwe katika ofisi ya parishi.

Maswali ya kujadiliana:
1. Ahabu alitoa ahadi gani kwa Nabothi? Yafanana na ahadi zipi za leo?
2. Katika parishi yetu, ni nani waliohamishwa ambao majina yao hayajaandikwa?