Dondoo muhimu: Kabla ya kununua seva ya akili mnemba

Anza na memori ya kadi ya michoro, kasi baadaye. Modeli ya lugha yenye vigezo bilioni 7, vikihifadhiwa kwa biti 16, hula takriban GB 14 kabla hujaiuliza swali hata moja. Ukiibana hadi biti 4, hushuka hadi karibu GB 4. Watumiaji wengi kwa wakati mmoja huongeza mzigo, kwa hiyo acha nafasi.

Kisha soma wati. Kadi ya NVIDIA RTX 4090 huvuta hadi wati 450; kadi ya L4 ni wati 72 tu, na zote mbili zina memori ya GB 24. L4 ni ya polepole, lakini kwa seva inayowaka usiku na mchana ningeichukua hiyo. Angalizo: haina feni yake. Hutegemea upepo wa feni za seva, hivyo ukiichomeka kwenye kompyuta ya kawaida ya mezani itapata joto kupita kiasi.

Diski iwe NVMe. UPS na kiyoyozi viingie kwenye bajeti mapema.

Kazi yako ikiwa ni ya saa chache kwa wiki, usinunue. Kodi seva mtandaoni.