Bendera ya Ulster: Mkono Mmoja, Nyumba Mbili

Wahenga walisema kwamba bendera hufuata upepo. Walimsema mtu asiye na msimamo, lakini maneno yao yafaa pia kwa bendera zenyewe. Kitambaa peke yake hakina neno; nia za watu ndizo upepo unaokipeleka huku na huku. Katika somo la juma hili twapenda kuwaeleza wasomaji wetu habari za bendera ya mkoa mmoja wa Ayalandi, ambayo alama yake imeshikwa na watu wa pande mbili zilizopigana, kila upande ukidai kuwa ni yake. Wengi wetu tumewajua Waayalandi kwa Mapadre na Masista waliokuja Afrika ya Mashariki kuhubiri, kufundisha na kuuguza. Ni vema tujue pia jambo lililowatia uchungu nyumbani kwao.

Tangu kale kisiwa cha Ayalandi chahesabiwa kuwa na mikoa minne: Leinster upande wa mashariki, Munster kusini, Connacht magharibi, na Ulster kaskazini. Katika Kigaeli, lugha ya asili ya nchi hiyo, mkoa huitwa cúige, na neno hilo latokana na hesabu ya tano. Maana hapo zamani palikuwapo na mkoa wa tano, yaani Meath, ambao sehemu yake kubwa baadaye iliingizwa katika Leinster. Mikoa hii leo haina serikali wala bunge. Hata hivyo yapendwa sana na watu wake, na kila mmoja una bendera. Leinster ina kinubi cha dhahabu juu ya rangi ya kijani. Munster ina mataji matatu ya dhahabu juu ya buluu. Connacht ina nusu ya tai mweusi, na kando yake mkono ulioshika upanga.

Bendera ya Ulster ni ya rangi ya dhahabu, na juu yake umechorwa msalaba mwekundu. Katikati ya msalaba ipo ngao nyeupe, na ndani ya ngao kiganja cha mkono wa kulia, chekundu, kilichonyoshwa wazi. Kila kipande kina asili yake. Msalaba mwekundu juu ya dhahabu ulikuwa alama ya ukoo wa de Burgh, mabwana wenye asili ya Kinormani, waliopewa cheo cha kutawala Ulster katika karne ya 13. Mkono mwekundu ulikuwa alama ya ukoo wa O'Neill, watawala wa Kigaeli wa mkoa huo. Basi msomaji aone jambo hili tangu mwanzo: bendera hiyo imeunganisha alama ya mgeni na alama ya mwenyeji katika kitambaa kimoja.

Juu ya mkono huo wenyeji husimulia hadithi. Wakuu wawili walishindana kwa mashua, wakapatana kwamba mkono utakaogusa nchi kavu kwanza ndio utakaoimiliki. Mmoja alipoona anaachwa nyuma, aliukata mkono wake mwenyewe akautupa ufukoni, akashinda. Hiyo ni hadithi, si historia. Lakini yaonya vizuri kwamba mtu aweza kujikata mwili wake mwenyewe kwa tamaa ya kutawala.

Historia yenyewe yashangaza vilevile. Mwaka 1607 Hugh O'Neill, mkuu wa ukoo huo, aliikimbia nchi pamoja na wakuu wenzake, baada ya kushindwa katika vita na Waingereza. Mara baadaye, tangu mwaka 1609, Mfalme James I aliyagawa mashamba mengi ya Ulster kwa walowezi kutoka Uingereza na Scotland, ambao wengi wao walikuwa Waprotestanti. Mwaka 1611 mfalme huyo alianzisha cheo kipya cha heshima, nacho kiliuzwa ili kupata fedha za kulipia askari wa Ulster. Na beji waliyopewa wenye cheo hicho ilikuwa nini? Ilikuwa mkono mwekundu wa Ulster! Alama ya aliyeshindwa ikawa pambo la aliyeshinda. Tena, miaka 300 baadaye, katika mgogoro mkubwa wa wafanyakazi wa Dublin wa mwaka 1913, chama cha wafanyakazi kilichoongozwa na James Larkin kilivaa beji ya mkono uo huo, nacho hakikuwa na habari ya mfalme wala ya walowezi.

Sasa twafika mahali pagumu, na twaomba wasomaji wafuate hesabu kwa makini. Mkoa wa Ulster una kaunti tisa: Antrim, Armagh, Cavan, Derry, Donegal, Down, Fermanagh, Monaghan na Tyrone. Mwaka 1921 kisiwa kiligawanywa. Kaunti sita zikafanywa Ayalandi ya Kaskazini na kubaki chini ya Uingereza, na tatu, yaani Cavan, Donegal na Monaghan, zikawa upande wa kusini pamoja na nchi nyingine. Viongozi wa Waprotestanti walitaka sita tu, kwa kuwa katika tisa wingi wao ungekuwa mwembamba mno. Basi mpaka ulipita katikati ya mkoa, ukatenga kijiji na kijiji, na shamba na shamba.

Mwaka 1953 serikali ya kaunti sita ilianza kutumia bendera yake. Hiyo ni nyeupe, yenye msalaba mwekundu, na katikati nyota ya pembe sita, pembe moja kwa kila kaunti. Juu ya nyota lipo taji la kifalme, na ndani yake mkono mwekundu. Bunge la serikali hiyo lilisimamishwa mwaka 1972, likafutwa mwaka 1973, na bendera yake ikapoteza kibali cha serikali. Hata hivyo yaonekana bado, hasa katika mitaa ya wale wanaotaka kubaki na Uingereza, na katika michezo ya Jumuiya ya Madola na ya kandanda ambamo Ayalandi ya Kaskazini hushiriki peke yake.

Mwenye kuona picha magazetini asichanganye mambo. Bendera ya dhahabu ni ya mkoa wenye kaunti tisa. Bendera nyeupe yenye nyota na taji ni ya kaunti sita. Zote mbili watu huziita za Ulster, na zote mbili zina mkono mwekundu. Lakini ya kwanza yamhesabu kila mwana wa Ulster, na ya pili yaliacha nje watu wa kaunti tatu. Tena Wakatoliki wengi waliokuwa ndani ya zile sita hawakuiona kuwa yao.

Tangu mwisho wa miaka ya 1960 hadi mapatano ya mwaka 1998, watu wapatao 3,500 waliuawa katika ugomvi huo. Katika miaka hiyo mkono mwekundu ulichorwa kutani na vikundi vya Waprotestanti vilivyoshika silaha. Wakati huohuo mkono uo huo ulikuwa beji ya timu ya Tyrone ya mpira wa Kigaeli, ambayo mashabiki wake wengi ni Wakatoliki. Hata leo, katika mitaa mingine ya kaskazini, bendera hufungwa katika nguzo za taa, na kingo za barabara hupakwa rangi, ili mpita njia ajue yumo katika eneo la nani. Na mwezi wa Desemba mwaka 2012, Halmashauri ya Jiji la Belfast ilipokata shauri kwamba bendera ya Uingereza ipandishwe siku zilizotajwa tu, wala si kila siku, maandamano na fujo viliendelea kwa miezi. Je, wale walikuwa wakigombea kitambaa? La. Waligombea swali hili: nani ni mwenye nyumba, na nani ni mpangaji?

Lakini yako matumizi ya namna nyingine. Mji mdogo wa Clones, katika kaunti ya Monaghan, umekaa karibu kabisa na mpaka. Huko mara nyingi huchezwa fainali ya Ulster ya mpira wa Kigaeli, na timu hutoka katika kaunti zote tisa, kana kwamba mpaka haupo. Katika raga, Ayalandi yote huunda timu moja, Wakatoliki kwa Waprotestanti. Tarehe 30 Januari 1999, timu ya Ulster ilicheza Dublin fainali ya kombe la Ulaya, ikaishinda Colomiers ya Ufaransa kwa 21 kwa 6. Miezi mitano tu ilikuwa imepita tangu bomu la Omagh, katika kaunti ya Tyrone, kuua watu 29. Siku ile watu wa kusini waliishangilia Ulster kama timu yao wenyewe. Mkono ule uliowatisha wengi ukawa kwa saa chache mkono wa jirani.

Kanisa nalo lina fundisho hapa. Mpaka wa mwaka 1921 haukuyagawa majimbo; Jimbo Kuu la Armagh lina waamini pande zote mbili. Na katika mji wa Armagh yako makanisa makuu mawili juu ya vilima vinavyotazamana, moja la Wakatoliki na jingine la Waanglikana, na yote mawili yanaitwa kwa jina la Mtakatifu Patrisi. Hakuna aliyeweza kumgawa mtakatifu. Kila upande unamwita baba.

Basi, wazazi, mtoto akiwauliza maana ya bendera, msimjibu rangi na picha tu. Mfundisheni kuuliza pia: je, bendera hii yamhesabu jirani yangu, au yamfukuza? Imepandishwa uwanjani ili tushangilie pamoja, au imefungwa kwenye nguzo ili mwingine aogope kupita? Mkono wa Ulster umechorwa wazi, haukukunjwa ngumi. Kiganja kilichonyoshwa chaweza kumzuia mtu mlangoni, na chaweza kumsalimu. Mchoraji hakuamua lipi kati ya hayo mawili. Huamua yeye aishikaye bendera.