Tibakemikali na Homoni kwa Akina Bibi: Mwongozo kwa Watoa Huduma wa Bukoba na Muleba

Mwongozo huu ni wa maafisa tabibu, wauguzi na wafamasia wanaompokea bibi mwenye saratani ya matiti iliyosambaa, aliyerudi kutoka hospitali ya Bugando, Mwanza, na barua mkononi na vidonge kwenye mkoba.

Mwanzo kabisa, soma barua ujue yuko kwenye tiba ipi. Tibakemikali (dripu) na vidonge vya homoni havitolewi kwa pamoja; kimoja hufuata kingine. Kinyama kilichokatwa kwenye uvimbe kikionesha vipokezi vya homoni, kwa kawaida vidonge ndivyo hutangulia, hata kama saratani imefika kwenye mifupa. Dripu hutangulia pale ini au mapafu yanapozidiwa haraka, maana vidonge huchukua wiki kadhaa, pengine miezi, kabla ya kuonesha kazi. Dripu zikiisha na hali ikatulia, bibi anahamia kwenye vidonge.

Umri peke yake haumnyimi mtu dripu. Kinachoamua ni figo, moyo, lishe na nguvu zake. Basi ukiandika rufaa, eleza kama anajipikia, anafika shambani, ameanguka mwaka huu. Hayo daktari wa Mwanza hayaoni, na "mgonjwa mzee, dhaifu" hayamsaidii.

Kinyama nacho kina masharti. Kiingie kwenye formalini ya asilimia 10 ndani ya saa moja, maji hayo yawe mara kumi ya ukubwa wake, na muda wa kukatwa uandikwe kwenye kopo. Kikae humo saa 6 hadi 72. Kilichocheleweshwa kinaweza kuficha vipokezi, na bibi akakosa tiba nafuu kuliko zote.

Vidonge ni kimoja kwa siku: tamoxifen miligramu 20, au letrozole 2.5, au anastrozole 1. Tamoxifen haichanganywi na hizo mbili. Katika wiki za mwanzo mifupa inaweza kuuma zaidi. Mpe dawa ya maumivu, asiache vidonge. Lakini mguu mmoja ukivimba, au kifua kikabana ghafla, huenda ni damu kuganda: simamisha tamoxifen, mpeleke hospitali siku hiyo hiyo. Damu ukeni ichunguzwe. Anayetumia letrozole huumwa viungo na mifupa yake hupungua uimara. Uliza pia kama anatibiwa kifua kikuu, kwa sababu rifampisini hupunguza sana tamoxifen mwilini.

Hatari kubwa zaidi kwetu ni homa. Muleba ina malaria nyingi, na mkono wa mtoa huduma hukimbilia kipimo cha haraka. Pima, sawa. Ila bibi aliyepata dripu ndani ya wiki tatu zilizopita, akiwa na joto la 38 au zaidi, chembe nyeupe zake huenda zimeshuka, na malaria kuonekana hakuondoi maambukizi ya bakteria. Apewe antibayotiki ya sindano bila kungoja majibu ya maabara, kisha apelekwe Rubya, Ndolage, Kagondo au hospitali ya rufaa ya mkoa, Bukoba, yoyote iliyo karibu zaidi.

Mwenye miaka 60 na kuendelea asiye na uwezo ana haki ya msamaha wa gharama. Mpeleke kwa afisa ustawi wa jamii kabla ya safari. Na isipokuwa kwa dharura, vidonge visisimamishwe wilayani kabla ya kumpigia simu daktari aliyeandika barua.