Kifaru cha Kadibodi: Somo la Skeli, Tope na Kutu

Kitu kinapoigwa kwa udogo, urefu wake hupungua kwa kiasi kimoja, eneo kwa kiasi kingine, na uzito kwa kiasi cha tatu. Kanuni hiyo hudhihirika mwanafunzi anapounda mfano wa kifaru cha kivita na kuupa sura ya chombo kilichopita katika tope la Bonde la Kilombero.

Kifaru kilichochaguliwa ni Aina ya 59, kilichoanza kuundwa nchini China mwishoni mwa miaka ya 1950 kwa kufuata kile cha Kisovieti kiitwacho T-54. Jeshi la Wananchi wa Tanzania lilipata vifaru vya aina hiyo wakati wa ushirikiano ule ule uliozaa reli ya TAZARA, iliyojengwa kati ya 1970 na 1975 na kupita Ifakara na Mlimba.

1. Vipimo

Bodi ya kifaru hicho ina urefu wa karibu mita 6 na upana wa karibu mita 3.3. Uzito wake ni kama tani 36. Kwa skeli ya 1:20, bodi ya mfano itakuwa na urefu wa sentimita 30 na upana wa sentimita 16.5. Magurudumu matano ya kila upande yana kipenyo cha sentimita 81, hivyo katika mfano yatakuwa na sentimita 4. Vizibo vya soda ni vidogo mno. Afadhali kukata visahani vya kadibodi. Nafasi kati ya gurudumu la kwanza na la pili ni kubwa kuliko nyingine, na ndiyo alama ya kukitambulisha kifaru hicho. Mzinga wa milimita 100 unawakilishwa na mrija wenye tundu la milimita 5. Minyororo hukatwa kutoka mpira wa ndani wa baiskeli, kwa upana wa sentimita 2.9.

2. Kwa nini mfano hauzami

Kifaru halisi hugusa ardhi kwa eneo la karibu mita za mraba 4.5, yaani sentimita za mraba 45,000. Kilo 36,000 zikigawanywa kwa eneo hilo, kanieneo huwa kilo 0.8 kwa kila sentimita ya mraba. Mtu wa kilo 60 anayesimama kwa mguu mmoja wenye unyayo wa sentimita za mraba 150 hukandamiza ardhi kwa kilo 0.4. Basi chombo cha tani 36 hukandamiza tope mara mbili tu ya mtembea kwa miguu. Hiyo ndiyo kazi ya minyororo.

Katika mfano, eneo hugawanywa kwa 20 × 20, yaani 400; ujazo hugawanywa kwa 20 × 20 × 20, yaani 8,000. Hata kama mfano ungeundwa kwa chuma kile kile, uzito wake ungekuwa kilo 4.5 na kanieneo 0.04 tu. Kadibodi ni nyepesi zaidi. Kwa hiyo mfano ukiwekwa juu ya tope la shamba la mpunga hautazama kama kifaru chenyewe, na anayeamini macho yake bila hesabu atadanganyika. Jambo hili si la mchezo. Daraja la Mto Kilombero lenye mita 384, lililofunguliwa mwaka 2018, lisingeweza kuaminiwa kwa sababu tu mfano wake mdogo umesimama imara.

3. Rangi ya bonde

Kutu hutokea pale chuma, maji na oksijeni vinapokutana. Kikikosekana kimoja, hakuna kutu. Udongo mwekundu wa miinuko una rangi hiyo kwa sababu ya oksidi za chuma, ndugu wa kutu. Katika majaruba yaliyofurika, maji huzuia hewa, na udongo huwa wa kijivu. Mkulima anayeng'oa mpunga huona rangi ya kutu kwenye mizizi, kwa kuwa mizizi hupitisha oksijeni.

Basi tope bichi la bondeni lipakwe kijivu sehemu za chini, na vumbi jekundu juu ya sehemu bapa. Udongo uchekechwe kwa kitambaa chepesi: punje ya milimita 1 katika skeli hii ni jiwe la sentimita 2! Uchanganywe na gundi ya unga wa muhogo. Kutu halisi ipatikane kwa kuloweka misumari katika maji ya chumvi, kisha ikaushwe na kusagwa. Ipakwe pale tu rangi inapochubuka: kingo, vifuniko, na mahali askari wanapokanyaga. Michirizi ielekee chini, kama maji ya mvua. Uso wa minyororo unaosugua ardhi ubaki uking'aa.

Maswali

1. Mfano wa chuma kwa skeli ya 1:10 ungekuwa na uzito gani, na kanieneo gani?
2. Weka msumari katika maji yaliyochemshwa na kufunikwa kwa mafuta, na mwingine katika maji ya kawaida. Baada ya juma moja, eleza tofauti.
3. Kwa nini jembe lililopakwa mafuta haliliwi upesi na kutu?