Mtoto Ashike Kwanza, Aandike Baadaye

Wengi wetu tunaosoma vyuo vya katikati ya jiji hatukai hosteli. Tunakaa kwa shangazi Kariakoo, kwa mjomba Ilala, kwa dada mkubwa Buguruni. Na kila nyumba ya namna hiyo ina dogo wa miaka mitano au sita, na kila jioni kuna sentensi ile ile: "Wewe msomi, hebu mfundishe mwenzio."

Mara nyingi tunafanyaje? Tunampa daftari na penseli, tunamwambia aandike moja mpaka mia, halafu tunarudi kwenye simu. Dogo anaandika, daftari linajaa, mzazi anafurahi. Swali ni hili: amejifunza nini?

Jaribu kipimo kidogo. Mwage sakafuni vifuniko kumi na viwili vya chupa za maji, umwambie akuletee saba. Usishangae mtoto anayeimba namba mpaka hamsini akikuletea tano, au akizoa vyote. Kuimba namba na kuhesabu ni vitu viwili tofauti. Kuimba ni kukumbuka maneno kwa mpangilio, kama wimbo. Kuhesabu ni kulipa kila neno kitu kimoja, bila kuruka wala kurudia, na kujua kwamba neno la mwisho ndilo jibu la "viko vingapi".

Hili si jambo jipya. Mwaka 1907, Maria Montessori alifungua nyumba ya watoto katika mtaa wa watu maskini mjini Rome, akawapa watoto vitu vya kushika, kupanga na kumimina kabla ya kalamu. Jean Piaget wa Uswisi naye alionyesha kwamba mtoto mdogo, ukipanga vitu vile vile kwa kuviachanisha, huona vimeongezeka. Hawezi kuambiwa tu akaelewa. Lazima mikono yake ipange, ipangue na ipange tena. Chakufahamisha ni kwamba vifaa vyote vya kazi hiyo vimejaa mtaani kwetu, vingine vinatupwa.

Fagio, mpira na boksi la viatu

Angalia kosa moja ambalo watoto wengi hufanya. Mwambie aandike kumi na tatu, anaandika 103. Wengi tunagomba au tunacheka. Lakini dogo ana akili zake: amesikia "kumi", akaandika 10, amesikia "na tatu", akaandika 3. Ameandika alichosikia. Anachokosa ni picha ya kumi kama fungu moja.

Chukua njiti za fagio la chelewa, uzikate wewe mwenyewe ziwe na urefu sawa. Mtoto ahesabu kumi, azifunge kwa mpira wa kufungia pesa. Hilo ni fungu. Sasa kumi na tatu ni fungu moja na njiti tatu pembeni. Kisha chukua boksi la viatu, yale yanayotupwa nje ya maduka, ukate kadi. Kadi ndefu iandike 10, kadi fupi iandike 3. Mwonyeshe kadi ya 3 inavyokaa juu ya sifuri na kuifunika: inasomeka 13. Mpe kadi nyingine abadilishe mwenyewe: 14, 17, 19. Muhimu, kila kadi aiwekee njiti zake.

Hapa Kiswahili kinatubeba. "Kumi na moja" inajieleza yenyewe: ni kumi, ukaongeza moja. Jina la Kiingereza la namba hiyo halitamki kumi popote. Kwa hiyo hata kama dogo anasoma shule ya Kiingereza, mwanzishie hesabu kwa lugha anayoiota, majina mengine yatafuata. Lugha yetu inaficha siri kwenye majina ya makumi kuanzia ishirini na thelathini mpaka tisini, maneno yaliyotoka Kiarabu. Hapo funga mafungu mawili, umwache aseme "kumi mbili", halafu umwambie kwamba jina lake rasmi ni ishirini.

Silabi mkononi

Kwenye kusoma pia tuna bahati, kwa sababu maneno yetu mengi yanakatika kwa silabi zinazosikika vizuri. Kata kadi nane: ka mbili, ta mbili, ba mbili, la mbili. Mwambie apige makofi akitamka: ka-ta. Apange kadi. Sasa azigeuze: ta-ka. Hapo utaona macho yanavyong'aa, kwa maana amegundua kwamba kubadili nafasi kunabadili neno. Mwache atafute mwenyewe: bata, kaka, lala, baba, tabaka. Akipanga neno lisilo na maana, msome kwa sauti mcheke pamoja. Asiambiwe "umekosea", mwulize, "Hili neno umewahi kulisikia?"

Mkitoka naye kwenda kununua kitu, atafute silabi zake kwenye mabango: DUKA, NGUO, VIATU. Mtaa mzima ni kitabu cha kusomea, na hakina ada.

Duka la sebuleni

Mtoto wa Kariakoo anajua biashara kabla ya kujua herufi. Tumia hilo. Panga nyanya na vitunguu juu ya stuli, mpe sarafu za 50, 100, 200 na 500. Kitunguu shilingi 100, nyanya 200. Mpe 500, omba chenji. Usimfundishe kutoa kwa karatasi. Mfundishe kama muuzaji anavyofanya: bidhaa ni mia tatu, anaweka mkononi mwako sarafu moja moja ya mia, "mia nne, mia tano". Amemaliza, na chenji ni mia mbili. Kutoa kwa kuhesabu mbele kutamsaidia baadaye akikutana na alama ya kutoa daftarini.

Akichoka na duka, mpe beseni, chupa za nusu lita na moja ya lita moja na nusu. Zitamiminwa ngapi mpaka ile kubwa ijae? Abashiri kwanza, kisha apime. Tatu. Na mkitaka mchezo, mdako unatosha: kila akirusha jiwe na kurudisha yote kasoro moja, kasoro mbili, anafanya hesabu huku anadhani anacheza.

Masharti machache

Vitu vidogo visichezewe na mtoto aliye chini ya miaka mitatu, wala mkubwa asiachwe navyo peke yake. Puani na mdomoni huingia haraka. Dakika ishirini zinatosha, simu ikiwa pembeni. Somo moja kwa siku. Fimbo haina kazi hapa, kwa sababu mtoto anayeogopa hujibu anachodhani unataka, si anachokiona. Na akikosa, nyamaza kidogo. Mara nyingi mkono wake utajirekebisha.

Mzazi anaweza kusema, "Mbona anacheza tu, hasomi?" Usibishane na mkubwa. Mwambie kwa adabu, "Shangazi, hebu mwambie akuletee vifuniko saba." Akiletewa saba, mjadala umekwisha.

Kwa nini jambo hili lituhusu sisi? Tangu mwaka 2015 mtaala wa darasa la kwanza na la pili umewekwa juu ya KKK: kusoma, kuandika na kuhesabu. Mwalimu ana darasa limejaa, hawezi kukaa sakafuni na kila mtoto akaona nani anaimba na nani anahesabu. Anayeimba hupita darasa la kwanza bila kujulikana, akaja kukwama kwenye kuzidisha, na hapo ataitwa mzito. Tulionjeshwa hali hiyo mwaka 2020. Serikali ilitangaza kufunga shule Machi 17, na watoto wa msingi hawakurudi mpaka Juni 29. Kwa miezi hiyo mitatu na zaidi, nyumba yenye mtu wa kukaa na mtoto ilikuwa shule, na isiyokuwa naye ilibaki na runinga.

Wewe unayesoma hapa una dakika ishirini. Bumu likichelewa, fagio lipo, boksi lipo, vifuniko vipo. Leo jioni, kabla hujamwandikia dogo moja mpaka mia, mwambie akuletee saba. Atakacholeta ndicho kitakachokuambia somo lianzie wapi.