Paa la nyumba au gari la wazi?

Shikamoo Shangazi,

Mimi na mume wangu ni watu wa Tanga, lakini tunaishi Leicester, Uingereza, mwaka wa ishirini na mbili sasa. Mimi ni muuguzi. Yeye alikuwa dereva wa basi, akastaafu mwaka jana. Watoto wamekua, kila mmoja yuko kwake. Tuna boma Tanga limefika usawa wa linta, na kwa kujinyima tumeweka pauni 17,000 kwenye akaunti yetu ya pamoja. Fundi ametupa makadirio ya kupaua: kama pauni 9,000, mbao, mabati na ufundi.

Mwezi uliopita mume wangu, Baba Zuhura, akaniambia tutoke tukapunge upepo. Kumbe ananipeleka kijiji cha jirani kwa mzee mmoja wa Kizungu, injinia mstaafu, anayeuza gari la spoti. Ni MGB ya mwaka 1971, la wazi, viti viwili, kijani iliyokoza, rimu za spoku, limekarabatiwa upya kuanzia bodi hadi injini. Bei pauni 14,000. Shangazi, linang'aa, sisemi uongo. Mzee akatutolea faili nene la risiti na picha. Nilijumlisha risiti zile kwa simu yangu: pauni 23,000 na ushei. Mume wangu akanigeukia: "Umeona? Kitu cha elfu ishirini na tatu tunakipata kwa elfu kumi na nne. Hii si gharama, hii ni akiba." Tuliporudi nikaangalia akaunti, nikakuta pauni 500 zilishatoka, kishika nafasi, wiki moja kabla hajanionyesha gari lenyewe.

Anasema utotoni, Muheza, alikuwa akimwoshea gari kama hilo meneja wa shamba la mkonge, na hakuruhusiwa hata kukalia kiti. Anasema gari hili halilipiwi kodi wala halikaguliwi, na tukirudi nyumbani tutalisafirisha. Mimi naona ni mkweche uliopakwa rangi. Tumenuniana, hii ni wiki ya tatu. Je, nimkatalie, au ninyamaze nisije nikaonekana namnyima mzee wa watu furaha yake?

Mama Zuhura, Leicester

SHANGAZI ANAJIBU

Marahaba, mwanangu.

Una kesi mbili, nanyi mmezifunga kitita kimoja ndiyo maana hazitatuliki. Ya kwanza ni pauni 500. Ya pili ni gari.

Ya kwanza haina mjadala. Fedha ya watu wawili haitolewi na mmoja kimya kimya, hata ingekuwa ya kununulia msahafu. Mkwe wangu amekosea na aambiwe hivyo, kwa upole, siku ambayo gari halitajwi kabisa. Usimwambie "mkweche wako huo." Mwambie "ulitoa hela zetu bila kuniambia," halafu nyamaza umsikilize. Ukilitia gari humo ndani atakimbilia kulitetea, na suala la hela litapotelea hapo.

Tena gari lenyewe lina utetezi mzuri, tusilionee. MGB ilitoka mwaka 1962, ikatengenezwa Abingdon, karibu na Oxford, mpaka kiwanda kilipofungwa mwaka 1980. Kwa miaka hiyo yalitoka zaidi ya magari 500,000, ukihesabu na yale yenye paa la bati yanayoitwa GT. Injini yake ni ya sentimita za ujazo 1,798, yenye kabureta mbili, ya chuma kizito, haina kompyuta wala sensa. Fundi mwenye spana na subira anaifungua na kuifunga. Spea zinapatikana mpaka leo, na tangu mwaka 1988 kampuni ya British Motor Heritage imekuwa ikitengeneza hata bodi nzima mpya kwa mitambo ileile ya zamani. Mstaafu akitafuta gari la zamani la kuchezea mwishoni mwa wiki asifilisike, hili ni miongoni mwa yale anayoshauriwa kwanza. Mume wako hakuokota jina barabarani.

Na la kodi hakukudanganya. Kwenu huko gari likishapita miaka 40 linaweza kusajiliwa kuwa la kihistoria, likasamehewa kodi ya barabara, na kama halikubadilishwa sana halilazimiki kwenda kwenye ukaguzi wa kila mwaka. Bima yake nayo kwa kawaida ni nafuu. Ila msamaha wa ukaguzi ni msamaha wa karatasi tu. Breki zikikataa kushika, anayeulizwa ni mwenye gari. Ningekuwa yeye ningelipeleka likakaguliwe kwa hiari kila mwaka, na ningemtaka muuzaji alipeleke kabla sijalipa hata senti.

Hapo ndipo penye kazi. "Limekarabatiwa" ni dai la muuzaji, na rangi inayong'aa haithibitishi chochote. MGB haina chesesi ya kujitegemea kama lori. Bodi ndiyo inayobeba kila kitu, na gari la wazi halina paa la kusaidia, kwa hiyo mzigo wote unaangukia ile mihimili mipana inayopita chini ya milango. Huo ndio uti wa mgongo wake, na ndiko kutu hupenda kukaa, kwa sababu maji na chumvi ya barabara za baridi huingia ndani yake. Kuibadilisha ipasavyo ni kukata bamba la nje na la ndani, kuondoa kilichooza chote na kuchomelea upya. Fundi mjanja huvalisha bamba jipya juu ya bovu, akapiga puti, akapuliza rangi. Kwa macho hutaona tofauti, na kutu inaendelea kula ndani kwa ndani.

Basi rudini kwa huyo mzee mchana, siku isiyo na mvua, maana bodi yenye maji huficha mawimbi ya puti. Chukua sumaku ya mlango wa friji, ifunge kwenye kitambaa laini isikwaruze, uipitishe taratibu chini ya milango na kwenye pembe za chini za bodi nyuma ya magurudumu. Inaposhika vizuri pote kisha ikalegea mahali pamoja, hapo chini ya rangi pana puti. Kisha tazama ufa kati ya mlango na bodi ya nyuma: uwe na upana mmoja kutoka juu hadi chini. Mwombe mzee aliinue gari kwa jeki upande mmoja, nawe ufungue mlango. Mlango ukifunguka na kufungika kama kawaida, vema. Ukikwama au ukikwaruza, bodi inapinda, na hapo ageni mwondoke.

Kwenye lile faili, usihesabu fedha tu. Tafuta picha za kazi ikiendelea: bamba la zamani limekatwa, uwazi unaonekana, bamba jipya limechomelewa. Picha za gari likiwa bovu na picha za gari likiwa limepakwa rangi hazitoshi, kinachonunuliwa ni kile kilichofanyika katikati. Uliza kama kichwa cha injini kiliwekewa viti vya valvu vigumu, kwa kuwa magari ya enzi hizo yalijengwa kwa petroli yenye risasi, na hiyo iliondolewa kwenye vituo vya Uingereza mwaka 2000. Uliza pia kama mipira ya mafuta ilibadilishwa, maana petroli ya kawaida huko tangu mwaka 2021 ina ethanoli hadi asilimia 10, nayo hula mipira ya zamani. Linganisha namba ya bodi na ile iliyo kwenye kadi ya gari, na mkumbuke kwamba kadi hiyo inaonyesha aliyeandikishwa, haithibitishi mwenye mali. Historia ya ukaguzi wake wa miaka ya nyuma, kama lilipelekwa, inaonekana bure kwenye tovuti ya serikali kwa namba ya usajili tu.

Mkiweza, msiende peke yenu. Chama cha MG Car Club kipo tangu mwaka 1930, na ndani yake wamo wazee wanaoijua MGB kuliko wanavyozijua sebule zao. Na msisahau kuwa mnanunua kwa mtu binafsi. Mngenunua kwa mfanyabiashara, sheria ya mwaka 2015 ingewapa siku 30 za kulirudisha gari bovu. Mtu binafsi anakatazwa kuwadanganya, lakini halazimiki kuwatajia kila ubovu msiouuliza. Kwa hiyo ulizeni, na majibu yaandikwe, pamoja na masharti ya zile pauni 500: zinarudi au hazirudi?

Sasa twende kwenye neno akiba, maana hapo ndipo mkwe wangu anapojidanganya. Wewe ulijumlisha risiti ukaona 23,000, yeye akaona faida ya 9,000. Mimi nimeona mzee wa Kizungu, injinia, mwenye hesabu zake, aliyetia 23,000 kwenye gari na leo anaomba 14,000. Faida iko wapi? Ushahidi kwamba kazi ilifanyika vizuri ndio huohuo ushahidi kwamba fedha hairudi. Ndivyo yalivyo magari mengi ya aina hii: kuyakarabati hugharimu kuliko bei yake sokoni. Anayenunua lililokwisha kukarabatiwa amefanya busara kuliko anayenunua bovu akaanza mwenyewe, hilo nalikubali. Lakini siku na yeye akiliuza, atasimama palepale aliposimama mzee yule.

Na sababu zinazolifanya gari hili kuwa rahisi kulimiliki ndizo zinazolinyima thamani. Yalitengenezwa mengi, spea ni tele, na hata bodi mpya ipo dukani. Kitu kinachopatikana hakipandi bei kwa kasi. Atakuambia serikali ya huko haitozi kodi ya faida mtu akiuza gari lake binafsi. Ni kweli, ila kwanza faida ipatikane. Anunue kwa sababu anapenda, na aseme hivyo. Mtu aliyelifuta vumbi gari utotoni bila kuruhusiwa kulikalia ana sababu ya kutosha, haina haja ya kuvishwa koti la uwekezaji.

Kuhusu kulileta Tanga, lifuteni. Tanzania hutoza ushuru wa uchakavu kwa magari makuukuu juu ya ushuru mwingine wa kuingiza gari, na nauli ya meli iko palepale. Likifika, chumvi ya bahari italila kuliko ya Leicester, na kila spea mtaiagiza Uingereza.

Hukumu yangu ni hii. Mna pauni 17,000. Ondoeni 9,000 za kupaua, zitumwe sasa, kwa awamu, kila awamu baada ya picha na risiti za fundi, maana boma lililoachwa wazi masika baada ya masika linaharibika kila mwaka. Kinachobaki hakifiki 14,000, kwa hiyo lile la kijani haliwezekani, na aliyemwahidi yule mzee ndiye atakayempigia simu. Asimwachie mkewe aibu hiyo. Mlichobakiza gawaneni: sehemu iwe ya dharura, haiguswi, na sehemu iwe yake, bila masimango. Asubiri, ajazie kwa pensheni yake kidogo kidogo, kisha atafute MGB GT, au lile la wazi la baada ya mwaka 1974 lenye bampa nyeusi za mpira. Wapenzi wa chuma cha kung'aa hulikunjia pua, kwa hiyo bei yake kwa kawaida iko chini, na injini ni ukoo uleule. Vipimo vya sumaku na jeki ni vilevile.

Nawe, Mama Zuhura, usimkatalie wala usinyamaze. Mwambie tarehe ya kutuma fedha ya fundi kwanza, kisha mwambie siku atakayokwenda kutazama gari utakwenda naye, na sumaku utaibeba wewe.